Mshubiri Nilioumwagilia Mpaka Ukafa

Mmea wa kwanza kufa mikononi mwangu ulikuwa mshubiri, na kwa yeyote anayeujua mshubiri hiyo ni aibu, kwa kuwa ni mmea unaohifadhi maji katika majani yake manene na unaoweza kukaa majuma kadhaa bila tone na usionyeshe dalili yoyote ya kunung'unika. Mimi niliupa maji kila asubuhi. Niliupa kwa upendo, kwa kikombe kilekile, saa ileile, kabla sijaanza shughuli nyingine, na kwa mwezi mzima uliniridhisha kwa kubaki kijani. Mwezi wa pili majani ya chini yalianza kulegea na kugeuka hudhurungi, nami nikahitimisha kwamba una kiu, nikaongeza kikombe cha jioni. Siku nilipoushika ili niusogeze karibu na dirisha, mmea wote ulitoka mkononi mwangu bila mizizi, kama jino lililolegea zamani likawa linangoja kuguswa tu, na mahali ulipokuwa umesimama palibaki tope jeusi lenye harufu ya bwawa.

Tangu siku hiyo nimeotesha, nimehamisha, nimepogoa na nimezika mimea mingi, na ninapoikumbuka orodha ya marehemu ninaona kwamba iliyoangamia kwa kusahauliwa ni michache mno ikilinganishwa na iliyoangamia kwa kushughulikiwa. Naamini sababu kubwa ni kwamba mmea hujibu kwa kuchelewa. Kosa la leo huonekana baada ya siku kumi au baada ya mwezi, wakati mwenye kulitenda ameshalisahau na ameshatenda mengine matano juu yake, ndipo anapolilaumu au kulisifu tendo lisilohusika. Tena mmea wenyewe hauna njia nyingi za kulalamika: hunyauka, hugeuka manjano, hukauka ncha au hudondosha majani, na kila mojawapo ya dalili hizo inaweza kuletwa na mambo mawili yanayopingana.

Kunyauka ndiko kulikonidanganya mara nyingi zaidi. Nilikuwa nikidhani mizizi ni mirija ya kunywea maji tu, kumbe nayo hupumua, na oksijeni inayoihitaji huipata katika nafasi ndogo za hewa zilizo baina ya chembe za udongo. Maji yakizijaza nafasi hizo na kutuama humo, hewa hutoka, mizizi hukosa pumzi na kufa, kisha vimelea vinavyopenda majimaji humalizia kazi. Mmea usio na mizizi hauna cha kunywea, kwa hiyo husimama ndani ya maji huku ukifa kwa kiu, na majani yake hulala sawasawa na ya mmea uliosahauliwa juani. Mwenye kumwagilia huyaona majani, haioni mizizi, naye hukimbilia kopo la maji. Mama yangu alinikuta siku moja nikiuhudumia hivyo mrehani uliokuwa unakata roho.

“Umeutia kidole udongo wake?” akaniuliza.

“Sijautia, Mama. Si unaona majani yalivyolala?”

“Majani nayaona. Tia kidole, mwanangu.”

Nilitia kidole mpaka kifundo cha pili, nikakitoa kimejaa tope. Mama hakusema neno jingine, na afadhali angesema. Siku hizi sitoi maji kabla ya kutia kidole, na kwa vyungu vidogo ninaongeza jambo moja, yaani kukiinua chungu na kukipima uzito, kwa sababu chungu kikavu huwa chepesi kwa namna ambayo mkono huizoea upesi kuliko jicho.

Palikuwa na ushauri mwingine nilioufuata kwa miaka bila kuuhoji, ule wa kuweka tabaka la kokoto chini ya chungu ili maji yashuke vizuri. Unasikika kuwa wa akili kabisa. Ukweli ni kwamba maji yaliyoshikwa na udongo wenye chembe ndogo hayavuki kwa urahisi kuingia katika nafasi kubwa za kokoto mpaka udongo ulio juu yake uwe umeshiba kabisa, kwa hiyo lile eneo la majimaji ambalo lingekaa kwenye kitako cha chungu hupandishwa juu, karibu zaidi na mizizi ileile ninayotaka kuiokoa. Nilisadiki jambo hili siku nilipochukua sifongo lililolowa, nikalilaza ubapa juu ya wavu mpaka likaacha kudondosha, kisha nikalisimamisha kwa upande wake mrefu. Maji yakaanza kutiririka tena, ingawa sikuwa nimeongeza hata tone. Chungu chenye kina hutoa maji vizuri zaidi kuliko chungu kifupi chenye udongo uleule, na kokoto hukifanya chungu kirefu kuwa kifupi. Nilizimwaga zote. Kinachohitajika ni tundu la chini lisiloziba, udongo uliochanganywa na vitu vya kuufanya uwe tifutifu, na chungu kisichokuwa kikubwa kupita kiasi, maana udongo mwingi usiofikiwa na mizizi hubaki umelowa bila wa kuyanywa maji yake. Nilipoacha kulowesha kila siku, hata vile vijiinzi vyeusi vilivyokuwa vikizunguka usoni mwangu kila nilipokaa karibu na vyungu vilipungua vyenyewe, kwa kuwa mabuu yake huishi katika udongo wa juu uliolowa na yakikuta pamekauka hayastawi.

Mbegu nazo zilinifunza jinsi nilivyo mtu wa papara. Nilisia pilipili, nikasubiri siku nane, na siku ya tisa nikaona kwamba subira imetosha, nikafukua kwa ncha ya kijiti ili nijue kinachoendelea. Mbegu ya kwanza niliyoikuta ilikuwa imeshatoa kimzizi cheupe chenye urefu wa ukucha, nacho nikakivunja kwa kijiti hichohicho. Pilipili huchukua kati ya juma moja na matatu kuchomoza, kutegemea joto, na nilikuwa ninalijua hilo, kwani nilikuwa nimelisoma kwenye pakiti. Zilizobaki ziliota vizuri, kisha nusu yake zikaanguka kwa usiku mmoja, vishina vyake vimenywea pale vinapoingia udongoni kama vilivyofungwa uzi. Huo ni kinyausi, ugonjwa unaoletwa na vimelea vya udongo ulioloweshwa mno na kukosa hewa. Sina zaidi la kusema juu yake ila kwamba maji, kwa mara nyingine, niliyatia mimi.

Suala la mwanga lilichukua muda mrefu zaidi kunielea, kwa sababu jicho la binadamu ni shahidi mbaya. Mboni hupanuka na kubana kulingana na mahali tulipo, hata chumba kikaonekana kina mwanga wa kutosha, ilhali tofauti iliyopo ni kubwa ajabu: jua la mchana mahali pa wazi hutoa mwanga wa takriban laksi 100,000, na hatua chache ndani kutoka dirishani huweza kubaki laksi mia chache tu. Miche yangu ya kwanza ya nyanya niliiotesha juu ya kabati, nayo ikarefuka kwa kasi iliyonijaza fahari. Kila mgeni aliyeingia alionyeshwa. Nilidhani ni afya, kumbe ilikuwa ni mbio za kuutafuta mwanga. Shina lilikuwa jeupe na jembamba kama uzi, pingili zimeachana mno, na majani mawili madogo juu yake yakayumba kila mlango ulipofungwa. Baada ya siku chache yote ililala.

Miche iliyokuwa dirishani haikurefuka hivyo, ila iliinama upande mmoja, na nilipokigeuza chungu jioni nilikuta kesho yake imeanza kuinama upande wa pili. Charles Darwin na mwanawe Francis walilichunguza jambo hili na kulieleza mwaka 1880, baada ya kuvifunika kofia ndogo zisizopitisha mwanga vichipukizi vya nyasi. Kilichofunikwa ncha hakikupinda, ingawa sehemu inayopinda iko chini ya ncha. Baadaye ilifahamika kwamba homoni iitwayo auksini hukusanyika zaidi upande wenye kivuli, seli za upande huo zikarefuka kuliko za upande wa pili, na shina likapinda kuelekea kwenye mwanga. Nilipokwisha kuelewa hayo nilifanya kosa lililo kinyume chake, nikaitoa miche yote nje saa sita ya mchana ili ifaidi jua kwa mkupuo. Siku mbili tu zikatosha kuyafanya majani yawe meupe kama karatasi. Mche uliokulia kivulini huzoeshwa jua kidogo kidogo kwa muda wa juma moja au zaidi, saa moja leo, saa mbili kesho, na jani likishaungua halirudii rangi yake.

Nisiseme misiba peke yake. Asubuhi moja nilikuta matone madogo yamejipanga kwenye kingo za majani ya miche ile iliyopona, tone moja kwenye kila ncha ya jino la jani, yote yanalingana kama shanga. Umande haushuki ndani ya nyumba, kwa hiyo nilidhani kuna maji yanayovuja kutoka juu. Nikatazama dari, nikachukua kitambaa, nikayafuta. Siku ya pili yalikuwapo tena, mahali palepale. Baadaye nilijua kwamba usiku, vitundu vya majani vinapokuwa vimefungwa na udongo una maji ya kutosha, mizizi huendelea kuyasukuma maji juu, nayo hutafuta njia kupitia vinyweleo maalumu vilivyo ukingoni mwa jani. Hili ni mojawapo ya majibu machache ya mmea yanayokuja mapema, kwani liliniambia kwamba jana yake jioni nilikuwa nimemwagilia mno. Sikuyafuta tena.

Nyanya ndizo zilizonichosha na kunifurahisha kuliko mimea mingine yote. Mwaka wa kwanza niliipa mimea yangu mbolea yenye nitrojeni nyingi, ikatoa majani mapana ya kijani kibichi ambayo mpita njia angeyasifu, na haikutoa maua. Mwaka uliofuata maua yalikuja kwa wingi, yakakauka vikonyo, yakadondoka. Nilidhani ni ugonjwa, lakini sababu zilikuwa mbili. Ya kwanza ilikuwa joto, kwa kuwa mchana ukizidi takriban nyuzi 32 za Selsiasi, au usiku ukikosa kupoa, chavua huharibika na ua huachiliwa. Sababu ya pili ilikuwa utulivu wa chumba chenyewe. Ua la nyanya lina sehemu za kiume na za kike pamoja, kwa hiyo halihitaji ua la mmea mwingine, ila chavua yake imo ndani ya mifuko iliyoungana kama koni yenye tundu dogo nchani, nayo haitoki vizuri mpaka itikiswe. Nje kazi hiyo hufanywa na upepo na aina za nyuki wanene ambao huling'ang'ania ua na kutetemesha misuli yao mpaka unga umwagike; nyuki wa asali hawana ustadi huo. Ndani ya nyumba yangu hapakuwa na upepo wala nyuki. Nilianza kuvipiga vishada vya maua kwa ncha ya kidole kila mchana, na baadaye nikatumia kitako cha mswaki wa umeme, nikakiona kiwingu cha unga wa manjano kikishuka mbele ya kitambaa cheusi nilichokishika nyuma yake. Ni jambo dogo, na nilirudia kulifanya mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Matunda yalitunga, yakakua, na yalipokaribia kuiva yakaoza kitako: doa jeusi, pana, kavu kama ngozi, upande wa chini wa kila tunda lililonivutia. Niliambiwa kwamba udongo umekosa kalsiamu, nikasaga maganda ya mayai na kuyafukia, na doa halikujali. Ganda la yai huchukua muda mrefu sana kuoza udongoni, na mara nyingi kalsiamu imo tayari. Tatizo ni usafirishaji wake. Kalsiamu husafiri pamoja na maji yanayopanda kutoka mizizini, na maji hayo huelekea zaidi kwenye majani kwa sababu ndiyo yanayopoteza mvuke mwingi. Tunda halipotezi mvuke mwingi, hivyo hupata mabaki. Udongo ukikauka kabisa, kisha ukafurikishwa, kisha ukaachwa ukauke tena, tunda changa hukatiwa mgao wake katika siku linapojenga seli zake, na doa hutokea baadaye sana, tunda likishanenepa. Doa nililoliona lilikuwa habari ya safari yangu ya siku tatu, ambayo nilikuwa nimeshaisahau kabisa. Sasa ninamwagilia kwa kiasi kinacholingana, ninafunika udongo kwa majani makavu ili usikauke haraka, na kuoza kumepungua sana, ingawa chungu kidogo na siku ya joto kali bado hunishinda.

Vidukari sitavizungumzia kwa kirefu, kwa kuwa hasira yangu bado ni mbichi. Jike lake huzaa bila dume, huzaa watoto hai, na watoto hao huzaliwa wakiwa tayari na vijusi matumboni mwao, na ndiyo maana anayeona vitano Jumatatu huona jani zima limefunikwa Jumatatu inayofuata. Nilipokuwa nikipanga kuvipulizia maji ya sabuni nilimwona sisimizi mmoja akikipapasa kidukari kwa papasi zake, kidukari kikatoa tone la utamu, sisimizi akalinywa na kuendelea na kinachofuata, kama mfugaji anayekamua zizi lake. Nilimtazama kwa muda mrefu kuliko inavyofaa kwa mwenye mmea. Kisha nikavipulizia.

Kichekesho kilichonitia adabu kilitoka kwenye ule udongo wa mshubiri. Nilikuwa nimeumwaga nyuma ya nyumba, kando ya ukuta, na baadaye nikawa ninatupa hapo maganda na matunda yaliyoharibika. Bila mtu kulisia, likaota shina la nyanya. Mbegu ya nyanya imezungukwa na utelezi unaoizuia kuota mapema, na kuoza kwa takataka huuondoa utelezi huo, kwa hiyo rundo lile lilikuwa kitalu kizuri kuliko vyote nilivyowahi kuandaa. Sikuliwekea mti wa kuegemea, sikuyaondoa machipukizi ya kwapani, sikulitikisa. Lilitambaa chini, likazaa matunda madogo mengi yasiyofanana na nyanya yoyote niliyowahi kununua, jambo lisilo la ajabu ikiwa mbegu ilitoka kwenye nyanya chotara, na hata moja halikuoza kitako, kwa sababu mizizi iliyo ardhini haiishiwi maji ghafla kama iliyofungiwa chunguni.

Kwa upande mwingine kuna mparachichi wangu. Kokwa lake lilikaa katika gilasi ya maji kwa majuma sita kabla ya kupasuka, na mche wake sasa unakaribia kimo changu bila kutoa hata ua moja. Mparachichi wa mbegu huweza kuchukua miaka mitano, kumi au zaidi, na tunda lake halifanani na la mama, ndiyo maana wakulima hupanda miche ya kubebesha, yaani iliyounganishwa kitawi cha mti mzuri juu ya shina la mche mwingine. Hata hivyo siukati, kwa sababu ya habari ya Rudolph Hass, mpeleka barua wa California, ambaye alijaribu kuubebesha mche mmoja uliotokana na mbegu, ukakataa, akauacha ukue. Matunda yake yalipendwa, naye akaupatia mti huo hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi, mwaka 1935, na miparachichi yote ya Hass iliyopo leo ilitokana na mti ule kwa kubebesha. Mti wenyewe ulikatwa mwaka 2002, ukiwa umekufa kwa kuoza mizizi. Nilipoisoma sentensi hiyo ya mwisho nilikwenda moja kwa moja kukitazama kisahani kilicho chini ya chungu changu, nikakuta kina maji, nikayamwaga.

Mmea ninaoungoja kwa hamu sasa hivi ni mpapai ulio katika ndoo kubwa nyuma ya nyumba, mmoja tu uliosalia kati ya mitatu. Hakuna awezaye kwa kuutazama mche kusema kama ni dume au jike mpaka utoe maua, na kwa miezi yote hii nimeupa mboji, nimeupa mbolea, nimeukinga na upepo, nikijua kwamba huenda ninamlea dume asiyezaa. Juma hili vimetokea vijivimbe vya kijani katika kwapa za majani, vidogo kama punje za mtama. Vikirefusha vikonyo na kuning'inia, nitajua ni dume. Vikibaki vimelibana shina, kuna matumaini. Asubuhi ya leo nilivitazama kwa kioo cha kukuzia na sikuona tofauti yoyote na jana. Nilikuwa nimeshabeba kopo. Nikatia kidole kwenye udongo, nikaukuta bado mbichi, nikalirudisha kopo mahali pake.